Barakoa

Saa kumi na moja u nusu. Misfa ingali imelala.
Nimekita miguu mitatu ya kamera juu ya mwamba,
nikaning'iniza kidumu cha maji katikati yake
upepo usije ukanichezea.
Kisha kungoja, na kahawa ya thermosi inayopoa.

Jua lilipogusa utosi wa jabali
jicho langu liliona vyote kwa pamoja:
mbingu ya rangi ya komamanga,
nyumba za udongo zilizopandana mabegani,
na kiza cha mitende huko chini, kinachonong'ona.

Kamera haina jicho hilo.
Ukiipa mbingu, inakunyima bonde.
Ukiipa bonde, mbingu inaungua,
nyeupe pe, sahani iliyokwisha kulambwa.

Basi nikapiga tatu, bila kugusa chochote ila kitufe.
Moja ya haraka, kufumba na kufumbua, kwa ajili ya mbingu;
humo mji ni masizi.
Moja ya wastani, kwa ajili ya kuta.
Moja ndefu, sekunde mbili nzima, kwa ajili ya mitende,
nami nimeziba pumzi
kama kwamba kamera inatumia mapafu yangu.

Usiku, nyumbani Sibu, kiyoyozi kinakoroma.
Nazipanga picha moja juu ya nyingine
kama shuka kabatini, pindo kwa pindo,
na chombo ninachoshika kinaitwa barakoa:
nyeusi huficha, nyeupe hufichua.

Neno hili hunichekesha kila mara.
Bibi yangu Shinuna alivaa barakoa ya nili
tangu Unguja hadi siku alipokufa Ibra.
Ilimwachia doa la buluu juu ya pua
ambalo hata waosha maiti hawakuliweza.
Nikiwa mdogo nilimwuliza, mbona hujifunui, bibi?
Akasema: anijuaye atanijua kwa macho.
Asiyenijua, pua yangu ya nini?

Nikalainisha ncha ya brashi. Nikaanza kupaka.
Mbingu kutoka ya kwanza, taratibu, pembeni mwa milima,
maana ukikosea hapo kilele huota ukingo wa mwanga
na mtu yeyote hujua kuwa umedanganya.
Kuta kutoka ya pili.
Nilipofika kwenye falaji ndipo nikamwona.

Katika ya kwanza ni kivuli, beleshi begani.
Katika ya pili ameinama,
anachomoa kizibo cha nguo kuukuu na jiwe
ili maji yageukie shamba jingine.
Katika ya tatu amekuwa moshi. Sekunde mbili zimemfuta,
limebaki beleshi, maana aliliegemeza ukutani
nalo halina pa kwenda.

Asubuhi ile alinisalimu akipita. Rafiqul, wa Silheti,
miaka kumi na minne anawagawia watu maji yao.
Kompyuta haimjui. Imemzungushia duara,
inamwita mzuka,
inaniuliza: niufute?

Hoteli inayonilipa imesema wazi: mandhari, bila watu.
Bi Azza wa masoko ameandika "safi" mara tatu
katika ujumbe mmoja,
na kodi ya nyumba haisubiri falsafa yangu.

Nikakaa. Brashi juu ya maji.
Nikimfuta, falaji itageuka yenyewe,
kana kwamba maji yana adabu hiyo.
Nikimwacha, ni wingu lenye miguu,
na hilo nalo si yeye.

Nilihifadhi mbili.
Katika yangu nimemtoa kwenye picha ya pili, mzima,
mgongo umepinda, maji yanaangaza visigino vyake.
Nitampelekea nikipanda tena, nimeikuza kiasi cha ukuta.

Katika yao hayumo.
Ila beleshi nililiacha, limeegemea, kipini kimelowa.
Bi Azza hakuliona,
au aliliona akadhani ni pambo.